UGOMVI KAZINI: NI HESHIMA AU NI HAKI?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema.



Ndugu, watu wakifanya kazi pamoja hawakosi kugombana. Kugombana peke yake si dhambi. Dhambi huingia katika yale tunayoyafanya baadaye.

Tukumbuke kisa cha ujenzi wa Kaaba. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alikuwa na umri wa miaka kama 35, kabla hajapewa utume. Koo za Makureshi ziligawana kuta, kazi ikaenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya kuweka Jiwe Jeusi. Kila ukoo ulitaka uliweke wenyewe, wakakaribia kumwaga damu. Wakakubaliana kwamba atakayeingia wa kwanza ndiye aamue. Akaingia yeye, Al-Amin. Akaomba nguo, akaliweka jiwe juu yake, kila ukoo ukashika upande, wakaliinua pamoja. Kisha akalitia mahali pake kwa mkono wake.

Tutazame vizuri. Hawakugombea mshahara, waligombea heshima. Na yeye hakuuliza nani mkubwa. Alitafuta mahali pa kila mkono.

Hapa Kisangani niliwahi kufanya kazi katika depo moja. Kapita alinyang'anywa ufunguo, akapewa karani kijana, bila kuambiwa sababu. Wiki tatu hawakusalimiana, hali Mtume (S.A.W.) amekataza ndugu wawili wasusiane zaidi ya siku tatu. Kila mmoja alisema, "Mimi nimesubiri tu." Lakini mdomo wao haukusubiri; kila siku walisengenyana kwa wengine. Mzee mmoja akawakalisha, akamuuliza kapita kinachomuuma. Akajibu, "Miaka tisa nimefungua mlango ule. Leo naonekana mwizi." Kumbe hakuutaka ufunguo, alitaka jina lake lisafishwe. Karani akamwomba radhi mbele ya wapakiaji, yakaisha.

Basi kunyamaza huku unasengenya si subira. Mwendee mwenzako kwanza, peke yenu, kabla ya kwenda kwa patroni. Mwambie jambo lililokuuma, usimtukane yeye. Na ukiwa wewe ndiwe mkosa, omba msamaha, hutapungukiwa.

Lakini tusichanganye. Ile nguo ya Mtume haifuniki mshahara usiolipwa. Mtu akidhulumiwa ujira wake, kumwambia "nyamaza kwa ajili ya amani" ni kumsaidia dhalimu. Mtume (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi alipwe bila kucheleweshwa. Kudai haki yako kwa adabu si fitina. Hata Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri wake upelekwe kwanza kwa Inspekta wa kazi ili wapatanishwe, kabla haujapokelewa na mahakama ya kazi. Anayeijua njia hii hana haja ya kuiba mali ya patroni na kusema anajilipa.

Ndugu, kesho kabla hujafika kazini, jiulize: huyu tuliyegombana, tunagombea heshima au haki? Ikiwa ni heshima, mpe upande wa nguo ashike. Ikiwa ni haki, irudishe, au idai kwa njia iliyo safi.

Ee Mwenyezi Mungu, tupatanishe mioyo yetu na utulinde na dhuluma, ya kutenda na ya kutendewa. Amin.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini, ukiisha kusoma mpe mwenzako.)