Dodoso Lisilo na Majina

Kisa hiki ni cha kutunga. Taasisi yake haipo, watu wake hawapo. Vitufe vyake ndivyo vilivyopo, na huenda wewe mwenyewe umeshabofya kimojawapo wiki hii.

Palikuwa na taasisi ya mikopo midogo yenye makao makuu Mbeya mjini, matawi Makambako, Mafinga na Iringa, na dawati moja dogo Tosamaganga, karibu na misheni ya Wakonsolata. Dawati hilo lilihudumia vikundi vya wakopaji wa vijiji vya jirani mpaka upande wa Kalenga, na lilikuwa na wafanyakazi watatu tu: vijana wawili wa kiume ambao ajira zao zilikuwa bado changa, na mama mmoja aliyekuwapo tangu dawati linafunguliwa. Akina mama wa vikundi walimwita Mama Daftari, kwa sababu hakuamini simu hata siku moja. Kila rejesho aliliandika kwa mkono kwanza.

Kilichowaumiza wafanyakazi wa taasisi nzima kilikuwa kimoja. Mteja akichelewesha rejesho, fedha zilikatwa kwenye mshahara wa afisa mikopo aliyemkopesha. Kwenye hati ya mshahara makato hayo yaliandikwa “marekebisho”, basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina masharti yake kuhusu jambo hili: mwajiri anayemkata mfanyakazi kufidia hasara sharti aonyeshe kwamba hasara imetokana na kosa la mfanyakazi huyo, ampe nafasi ya kujieleza, na makato yasipite robo ya ujira. Lakini nani angemfuata meneja wa kanda na kumsomea sheria?

Afisa utumishi aliyehamia pale Mbeya alikuwa mtu mwema, na hili lishikwe vizuri, maana kisa cha mtu mbaya hakina cha kutufundisha. Alisikia minong'ono, akataka kujua ukweli wake, akaamua kuuliza watu wote kwa barua pepe ya kazini. Akaandika katika Outlook: “Je, umeridhika na mazingira ya kazi?” Akaenda kwenye vitufe vya kupigia kura, akaweka Ndiyo na Hapana, akatuma. Kifaa hiki ni kitamu kwa mtu mwenye haraka. Kila anayejibu anabofya mara moja, na programu yenyewe inahesabu: wangapi wamesema ndiyo, wangapi hapana, hakuna karatasi wala kikokotoo.

Mchana akaufungua ujumbe wake katika barua alizotuma, akatazama ukurasa wa ufuatiliaji. Hesabu ilikuwapo, kweli, lakini chini yake yalikuwapo majina, moja baada ya jingine, na mbele ya kila jina jibu lake. Ndivyo vitufe hivyo vilivyotengenezwa. Vinafaa kuuliza nani atakula chakula cha mchana kwenye semina. Akashtuka, akafuta, akaomba radhi kwa wote. Mpaka hapo hajaharibu kitu.

Kijana wa TEHAMA akamwambia, “Mkuu, tumia fomu.” Wakakaa pamoja wakatengeneza dodoso katika Microsoft Forms. Kijana akamwonyesha kwamba ukichagua fomu ijibiwe na watu wa ndani ya taasisi peke yao, sehemu ya kurekodi majina huwa imewashwa tangu mwanzo, wakaizima. Wakajaribu na majibu mawili ya uongo, wakapakua lahajedwali, na kwenye safu ya barua pepe kila mstari ulisomeka “anonymous”, yaani mjibuji hana jina. Afisa utumishi akafurahi. Akaandika barua ya kusindikiza kiungo: “Majibu yako ni siri. Jina lako halitaonekana popote. Kuwa huru.”

Barua ile ilikuwa ya kweli neno kwa neno, na hapo ndipo mtego ulipokaa.

Ili matokeo yawe na maana, aliongeza maswali matatu mwanzoni: kituo chako cha kazi, jinsia yako, miaka yako kazini. Mtu yeyote aliyewahi kusomea utafiti angeyaweka hayohayo. Makao makuu Mbeya, penye watu wengi, maswali hayo hayakumdhuru mtu. Tosamaganga palikuwa na mwanamke mmoja.

Mama Daftari alijibu fomu kwenye kompyuta ya ofisi baada ya vijana kutoka kwenda kwenye vikundi. Kwenye swali la mwisho, lile la kuandika kwa maneno yako mwenyewe, aliandika hivi: “Mwezi wa tatu nimelipa deni la marehemu. Familia ilikuwa bado matangani. Nani aliniuliza?” Akabofya kutuma. Lahajedwali ikaandika na saa aliyoanza na saa aliyomaliza, kwa sababu fomu hizo huandika muda bila kuombwa.

Majibu yalipoingia, chati zilijichora zenyewe. Mkurugenzi akaziona, akasema zipelekwe kwa mameneja wa kanda “wazifanyie kazi”. Afisa utumishi angeweza kupeleka chati. Kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi, alipeleka kiungo cha lahajedwali nzima.

Tusimame kidogo, maana jambo hili limewahi kuwapata watu wakubwa kuliko taasisi yetu ya kubuni. Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za matibabu ya wafanyakazi wa serikali yake baada ya kuondoa majina na anwani. Gavana William Weld aliwahakikishia wananchi kwamba siri imelindwa. Mwanafunzi mmoja wa sayansi ya kompyuta, Latanya Sweeney, alinunua kwa dola 20 daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge alikoishi gavana, akalilinganisha na kumbukumbu zile kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Akaipata rekodi ya matibabu ya gavana mwenyewe. Hakuvunja mlango wowote. Alijumlisha tu vitu vitatu ambavyo kimoja kimoja havimtaji mtu. Ofisi za takwimu zinalijua hili tangu zamani, na ndiyo maana Sheria ya Takwimu hapa nchini Tanzania inakataza kutoa taarifa kwa namna ya kumfichua mtu mmojammoja. Wachapishaji wengi wa takwimu hujiwekea mpaka: kundi lenye watu pungufu ya watano, kwa mfano, halionyeshwi peke yake, linaunganishwa na jirani. Dodoso letu lingetosheka na Tosamaganga kuhesabiwa pamoja na Iringa. Na hata Iringa, huhitaji kuuliza jinsia kama hujui utalifanyia nini jibu lake.

Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiishii kwenye jina. Taarifa inayoweza kumtambulisha mtu nayo ni yake, na anayeikusanya anatakiwa kuitumia kwa shughuli aliyoikusanyia. Afisa utumishi alikuwa na nakala ya sheria hiyo kwenye kompyuta. Akilini mwake ilihusu mabenki na makampuni ya simu.

Meneja wa kanda hakuwa mtaalamu wa chochote. Alijua kuchuja safu, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kutafuta wadaiwa sugu kwenye orodha. Akachagua Tosamaganga, mistari mitatu ikabaki. Akachagua mwanamke.

Wiki iliyofuata alifika pale dawatini. Ilikuwa Juni, baridi ile ya Iringa, Mama Daftari amejifunga khanga juu ya sweta.

“Kamwene, Mama.”

“Kamwene, baba. Karibu kiti.”

Akakaa, akaulizia vikundi, akasifu daftari. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, “Nasikia ulilipa deni la marehemu. Ungeniambia mimi, Mama. Kwa nini uandike?”

Vijana wawili walikuwapo, wakainamisha vichwa kwenye kompyuta zao. Mama Daftari hakufukuzwa, wala hakupewa barua ya kujieleza. Meneja alikuwa mjanja kuliko hapo. Mama alipewa uhamisho wa kwenda Makambako, “kwa sababu za kikazi”, yeye mwenye nyumba na wajukuu Tosamaganga. Akastaafu kwa hiari kabla ya mwezi kwisha.

Na habari hazihitaji barua pepe. Kabla uhamisho haujaandikwa, Mafinga walishajua, na Mbeya wakajua kabla ya jioni.

Mwaka uliofuata dodoso likaja tena, fomu ileile, kiungo kipya. Safari hii walijibu karibu wote, tena ndani ya siku ya kwanza. Waliridhika na mshahara, na uongozi, na mawasiliano. Kwenye swali la maneno yako mwenyewe waliandika “Hakuna”, “Sina maoni”, “Mungu aibariki taasisi yetu”. Chati zikawa za kijani kuanzia juu mpaka chini, na mkurugenzi akazionyesha kwa bodi.

Makato hayakukoma, kwa hiyo maafisa mikopo walitafuta njia yao. Mteja akishindwa kurejesha, afisa alifungua mkopo mpya kwa jina la mwanakikundi asiyejua lolote, akatumia fedha hizo kufunika rejesho la yule wa kwanza, na mwezi uliofuata akafungua mwingine kufunika huo. Wakaguzi wa nje walipofika Makambako walianza kwa kuwapigia simu wakopaji kumi wa kwanza kwenye orodha. Saba hawakuwa wamekopa. Walipomuuliza afisa utumishi kama wafanyakazi hawakuwahi kutoa dalili yoyote, alifungua kompyuta akawaonyesha dodoso la mwaka huo. Mkaguzi mmoja akaomba kuona na la mwaka uliotangulia, akalichuja kwa matawi, akafika Tosamaganga, akasoma mistari mitatu.

“Huyu mama yuko wapi sasa?” akauliza.