Thamani ya Chuma Chakavu

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii yapima vema udhaifu wetu. Jembe jipya twalipenda kwa kung'aa kwake kabla halijagusa udongo, na lile lililotulisha miaka kumi twalitupa nyuma ya nyumba kwa sababu limeliwa makali. Swali ninalotaka kulitafakari pamoja nawe, msomaji, ni hili: kitu kikiisha kazi yake, je, thamani yake imekwisha pia? Na kama haikwisha, ni nani mwenye haki ya kuitoa, na kwa njia gani?

Atokaye mji wa Kericho kwenda Bomet kwa njia ya Litein hupita katikati ya mashamba ya chai. Mara kwa mara ataona shamba ambalo halina jani hata moja, bali vishina vitupu. Asiyejua hudhani limeharibiwa. Kumbe mchai hukatwa matawi kila baada ya miaka michache ili uchipuke upya. Matawi hayo hayafai tena kuchumwa, lakini mkulima mwenye busara huyaacha katikati ya mistari yaoze, yaifunike ardhi na kuilisha mizizi. Akiyabeba jikoni hupata moto wa siku chache, na shamba hukosa chakula chake. Basi hata kilichokatwa kina deni la kulipa pale kilipokua.

Sasa tuondoke shambani twende sokoni, kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali. Hapo huletwa gari lililokwisha nguvu kwa kubeba majani mabichi kutoka vituoni hadi kiwandani. Mtu mwenye haraka angelipiga nyundo na kuliuza kwa kilo. Fundi hafanyi hivyo. Hushika spana, akafungua nati moja baada ya nyingine, akitenga kila kitu mahali pake. Gia iliyo nzima huenda kwa gari jingine. Springi hufuliwa ikawa panga au patasi. Tairi hukatwa likawa akala. Bati hukunjwa likawa jiko. Shaba ya nyaya hupimwa peke yake. Kisichofaa kabisa ndicho kiendacho kwenye tanuri.

Tazama tofauti ya watu hawa wawili. Mwenye nyundo ameuza uzito wa chuma tu. Mwenye spana ameuza chuma pamoja na kazi iliyomo ndani yake, kwa maana gia ina akili ya aliyeibuni na jasho la aliyeichonga. Ikiyeyushwa, chuma hubaki lakini kazi ile hupotea. Hata hivyo tanuri nalo si la kudharauliwa. Kuyeyusha sufuria kuukuu za alumini huhitaji karibu sehemu moja tu katika ishirini ya nguvu itumikayo kuipata alumini kutoka katika madini yake.

Labda utasema kwamba hii ni hekima ya maskini, na mwenye fedha haihitaji. Sivyo. Zamani chai ilisafirishwa katika masanduku ya mbao nyepesi. Yalipofika Uingereza na kumwagwa chai, watu waliyatumia kuhamishia vyombo vya nyumbani, na katika miaka ya 1950 vijana waliyafunga mti na uzi, wakayapiga kama ngoma ya nyuzi. Haja ya kutotupa si ya maskini peke yake. Ni ya kila mwenye macho ya kuona.

Lakini wema huu una adui wawili, na wote huvaa mavazi yake. Adui wa kwanza ni wizi. Mwezi wa Januari 2022 milingoti ya umeme ilianguka katika njia itokayo Kiambere kwenda Nairobi, na sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani. Wezi wa vyuma wakalaumiwa, na mwezi uo huo serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda. Fundi mwaminifu akakosa riziki kwa kosa la mwizi. Kufungua kilichokufa ni kuokoa. Kufungua kilicho hai ni kuua.

Adui wa pili ni sumu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoanza mwaka 2007 kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusifiwa kwa jina, maana iliokoa madini yasitupwe. Lakini risasi iliingia katika damu ya wakazi, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, shauri likakatiwa rufani, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri ile. Thamani iliyotolewa ndani ya betri ilitolewa pia ndani ya miili ya watu, nao hawakuulizwa.

Kwa hiyo haitoshi kusema, "Nimeokoa kitu kisipotee." Imempasa mtu kujiuliza maswali mawili zaidi: kitu hiki ni cha nani, na ni nani atakayeumia nikikifungua? Maswali haya si ya mahakimu tu. Kijana wa umri wako anaweza kumpelekea mnunuzi kilo mbili za chuma, na chuma hicho huenda ni mfuniko wa mtaro wa barabara au kipande cha daraja wapitapo wachumaji wa chai alfajiri. Mizani haiulizi chuma kimetoka wapi. Husema uzito, ikanyamaza. Anayepaswa kuuliza ni mwenye kuuza na mwenye kununua.

Nami nalijibu swali langu la kwanza hivi: thamani ya kitu haiishi pamoja na kazi yake, lakini haitoki ndani yake kwa halali ila kwa mkono wenye ujuzi na moyo wenye haki. Panga likatalo matawi ya mchai laweza pia kuung'oa. Chuma ni kile kile, na pengine kilikuwa springi ya gari jana. Tofauti imo katika aliyekishika.