DAMU YA WASIO NA KOSA

Alhamdu lillahi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kijana mmoja wa darasa yetu aliniuliza: "Maalim, wanasema bomu lilimkusudia jemadari mmoja tu. Jee, damu ya waliokuwa kando yake iko juu ya nani?" Suala hili lastahili jawabu.

Kambi ya Jabalia, kaskazini ya Gaza, iliwekwa mwaka 1948 kwa ajili ya watu waliotoka katika miji na vijiji vyao vya Palestina. Eneo lake ni kilomita 1.4 za mraba, na wakimbizi walioandikwa humo walizidi laki moja. Wajukuu wakazaliwa humo, na nyumba zikajengwa juu ya nyumba. Tarehe 31 Oktoba 2023, ndege za vita za Israel ziliangusha mabomu makubwa katikati yake. Majumba yakaporomoka, ardhi ikafanya mashimo, na maiti na majeruhi wakapelekwa Hospitali ya Indonesia, wanawake na watoto wakiwamo. Siku ya pili kambi ikapigwa tena. Jeshi la Israel likasema lilimtaka Ibrahim Biari, jemadari wa Hamas, na kwamba chini palikuwa na mahandaki.

Sayyidna Abubakar alipopeleka jeshi Sham, aliusia wasiuawe wanawake, watoto wala wazee. Wanazuoni wa fiqhi nao walilijadili suala la adui anayejikinga kwa wasio na kosa. Na wengi wa walioruhusu kupiga walishurutisha dharura kubwa isiyo na njia nyingine. Basi adui akijificha nyuma ya mtoto, mtoto hageuki adui. Aliyejificha ana dhambi yake, na aliyeangusha bomu hali anajua waliomo ana yake. Hapana dhambi iwezayo kuiosha nyingine.

Walakini mizani hiyo hiyo yatupasa tuisimamie hata ikitulemea. Tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas na wenzao waliua katika Israel watu kiasi cha 1,200, wengi wao raia, na wakachukua mateka zaidi ya 200. Mwenye kusema kwamba damu ya mtoto wa Jabalia ni haramu, kisha akaifurahia damu ya mtoto wa Kiyahudi, hakutetea haki, ametetea kabila. Sura ya Al-Maida imetukataza kuuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Wala Myahudi asiyehusika hana deni. Wamo Mayahudi walioipinga vita hii waziwazi.

Basi tufanye nini? Tuombe dua. Tutoe sadaka kwa mikono ya waaminifu. Tuzichungue khabari kabla ya kuzieneza, kwani picha moja ya uwongo humpa dhalimu udhuru wa kuzikanusha mia za kweli. Na tuziache dhulma zetu wenyewe. Mtu huwalilia mayatima wa Gaza msikitini, na mali ya yatima wa nduguye iko mkononi mwake. Jee, dua ya mtu huyu itapanda kwa njia gani?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa kwa dhulma, na atupe nyoyo za uadilifu. Amin.