Mistari Mia Tano

Bash, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, ina tabia za karani. Kila amri unayoandika inaiweka kwenye faili lililofichwa. Usipoigusa, inatunza mistari 500. Ya 501 ikiingia, wa kwanza unatoka. Kwa kubadilisha HISTSIZE na HISTFILESIZE unaamua mwenyewe: ukiweka sifuri haikumbuki kitu, ukiweka namba hasi haisahau kamwe.

Mafundi hubishana namba ipi ni bora. Mimi naona ni swali la maadili. Aliyeandika nywila kwenye mstari wa amri ana kila sababu ya kuufuta. Je, aliyefuta jedwali la malipo ya wachimbaji? Kufuta ni kulekule. Kompyuta haimuulizi yeyote nia yake.

Huku Shinyanga tunaijua hatari ya pande zote mbili. Vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni, na kwa sababu mtu alikumbuka ugonjwa au kifo cha zamani akakitafutia mchawi. Hiyo ni kumbukumbu isiyo na kikomo. Lakini Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Wapo waliosema kuna watu walifukiwa mashimoni. Serikali ilikanusha, na ubishi haujaisha. Hapo tunalia kwa uhaba wa kumbukumbu.

Basi tukumbuke au tusahau? Jibu rahisi ni kwamba kosa la mnyonge lisahaulike, na tendo la mwenye nguvu litunzwe. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Ila hata anayemshika panga bibi kizee hujiona mtendewa.

Kinachotofautisha ni uwezekano wa kukaguliwa. Bash isipoelekezwa haiandiki saa: inajua nini kilifanyika, haijui lini. Uvumi ni hivyohivyo. Hauna tarehe, hauna shahidi, na mtuhumiwa hawezi kuujibu. Kumbukumbu ya haki ina tarehe, inasomeka kwa anayetuhumiwa, na haikai mikononi mwa mtu inayemhoji.

Kwa hiyo kwenye kompyuta yangu mistari 500 inatosha. Mambo yangu na yapite. Kwenye seva ya wengi, yenye mishahara ya watu, naweka namba hasi, naongeza HISTTIMEFORMAT ili kila amri iwe na saa yake, na nakala inatunzwa mahali ambapo hata mimi siwezi kuifuta.