Kuugua, Kuuguliwa na Kuuguza

Lugha yetu ina maneno matatu ya shina moja, nayo twayatumia kila siku bila ya kuyapima: kuugua, kuuguliwa na kuuguza. Mtoto huugua. Mzazi wake huuguliwa. Kisha mzazi huyo huyo humuuguza mtoto. Maumivu ya hao wawili ni mawili wala si mamoja, ingawa hulala katika kitanda kimoja. Swali la mzazi aliyeambiwa na daktari kwamba mtoto wake hatapona hupotea njia mara nyingi kwa kuchanganywa maumivu hayo.

Mwaka 2017 swali hili lilifikishwa mahakamani huko London. Mtoto mchanga, aliyezaliwa Agosti 2016, alikuwa na ugonjwa adimu wa kurithi uliolegeza misuli yake na kuharibu ubongo, hata akawa anapumua kwa mashine. Madaktari waliona kwamba mashine haimpi faida na huenda yamzidishia mateso, nao wakaomba ruhusa ya kuiondoa. Wazazi walikataa. Walikuwa wamechangiwa zaidi ya pauni 1,300,000 ili wampeleke Marekani kwa tiba iliyokuwa bado katika majaribio. Shauri lilipanda ngazi zote za mahakama za Uingereza, likafika hata Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na kila mahali wazazi walishindwa. Mwezi Julai waliacha kushindana, na mtoto alifariki tarehe 28 ya mwezi huo. Sisi hatuwalaumu wazazi wale hata kidogo, nani asingepigana? Lakini twaona kwamba mahakama ziliuliza swali lililo sahihi. Hazikuuliza mtoto huyu ni wa nani. Ziliuliza maisha haya ni maisha gani kwake yeye mwenyewe anayeyaishi.

Kwetu sisi jambo hili halifiki kwa majaji, na mashine kama ile si nyingi. Hufika kwa sura ya nauli, ya shamba la kuuzwa, na ya ndugu wa mgonjwa wanaosubiri karo. Ukoo hukutana, wakubwa husema, na mama aliyekesha wodini miezi mitatu huletewa uamuzi uliokwisha pita. Hilo si jema, na yafaa tuseme hivyo waziwazi hata kama ni desturi.

Kuna pia kukata tamaa mapema. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Katika miaka iliyofuata ilidhihirika kwamba dawa za saratani zaweza kuuyeyusha uvimbe huo, na wengi wa watoto wanaowahishwa na kumaliza matibabu hupona. Mzazi anayesema ni amri ya Mungu, akamrudisha nyumbani mtoto wa namna hiyo, amekata shauri kabla ya kusikiliza shauri.

Lakini iko siku ambapo dawa kweli imefika mwisho wake. Hapo ndipo mzazi huogopa neno moja la majirani: “Amemwacha mtoto.” Kwa kuliogopa neno hilo, wako wanaomhamisha mgonjwa kutoka hospitali hadi hospitali, na kutoka kwa mganga hadi kwa mganga, huku kila safari ikimvunja mifupa. Wahenga wamesema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii twaiheshimu, ila uchungu inaoutaja ni wa anayeuguliwa. Wa anayeugua waujua yeye. Kuacha dawa isiyofaa kitu si kumwacha mtoto. Kutibu kwaweza kukoma, na kuuguza kukaendelea: kumgeuza, kumwosha, kumlowesha midomo, na zaidi ya yote kumwondolea maumivu. Hili la mwisho si maneno matupu. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 mjini Kampala, imewapa wagonjwa mofini ya maji ya kunywa, ambayo mtu aweza kuitumia nyumbani kwake. Na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda imewaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika. Mzazi anayo haki ya kumwuliza daktari: kama hamwezi kumponya, mtampa nini asiumie?

Na mtoto mwenyewe je? Tumezoea kumficha. Twanong'ona mlangoni, naye ana miaka 12 na masikio mazima. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto awezaye kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Hatusemi aachiwe yeye mzigo wa kuamua. Huo ni wa wakubwa. Twasema aulizwe anataka nini kwa siku alizo nazo. Majibu yao, walimu wengi wayajua, ni madogo kuliko tunavyodhani. Mmoja ataka kurudi kwa bibi yake. Mwingine ataka mlango uachwe wazi usiku. Mwingine ataka aletewe daftari lake la hesabu, lisahihishwe kama ya wenzake, na pale alipokosea pasiachwe.