Kusoma na Kusema "Sijaelewa"

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Anayepitisha macho kwenye gazeti anasoma, na aliyemaliza miaka yake ya shule tunasema amesoma. Tukisema "fulani amesoma" hatuulizi alisoma nini wala alielewa kiasi gani. Tunampa heshima yake na maneno yanaishia hapo. Nimeanza kuamini kwamba ndani ya kitenzi hicho kuna deni tulilolificha, na wanaolilipa zaidi ni watoto wetu wanaojifunza kusoma Kiingereza.

Nina steshenari ndogo hapa Chumbageni, Tanga. Kazi yenyewe ni kutoa kopi, kuprinti, kupiga picha za pasipoti na kuuza madaftari. Lakini mwenye steshenari, apende asipende, hugeuka msomaji wa mtaa. Watu huleta barua ya benki, majibu ya hospitali, fomu ya kujiunga na shule, karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ya kuku. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Siku hizi wengi huja wamefuatana na mtoto wa sekondari, na hilo ni jambo jema: familia imesomesha, sasa inataka kuvuna.

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa. Mtu anayesoma kwa sauti jambo asilolielewa, mbele ya mtu anayemwamini, je, amefanya kosa? Na kama kosa lipo, ni la nani?

Mwaka jana alikuja fundi seremala wa mtaa wa pili na bintiye wa kidato cha tatu. Alitaka kopi mbili za mkataba wa mkopo. "Dada, subiri kwanza," akaniambia, "mwanangu anisomee halafu nisaini." Binti akashika karatasi akasoma. Alisoma vizuri kweli. Hakukwama, alipumua penye nukta, na herufi zile za Kiingereza zinazoandikwa bila kutamkwa alizipita kimya kama inavyotakiwa. Baba yake aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kaswida. Alipomaliza, mzee akanigeukia: "Umemsikia? Huyu kasoma." Kisha akaomba kalamu.

Nilimwomba binti amfafanulie baba yake kifungu kimoja tu, kile kilichoanza na maneno "in the event of default". Akanyamaza, kisha akajibu kwa sauti ndogo. "Event" ni sherehe, alisema. "Default" aliijua kutoka kwenye simu: ni mipangilio ambayo simu inakuja nayo kabla hujabadilisha chochote. Akayaunganisha, akaona mwenyewe kwamba haiendi. Kifungu kilikuwa kinasema kwamba baba akishindwa kulipa, mkopeshaji atachukua dhamana; na dhamana ilikuwa mashine yake ya kupiga randa, ile inayolisha nyumba nzima.

Tulikaa karibu saa nzima tukipita kifungu baada ya kifungu, baba akiuliza kwa Kiswahili, binti akitafuta jibu kwenye karatasi, mimi nikisaidia walipokwama. Fundi alisaini siku iliyofuata. Alihitaji hela, na masharti hayakubadilika hata nukta. Lakini alisaini akijua anachokisaini. Nilipomuuliza binti kwa nini hakusema mapema kwamba hajaelewa, alinijibu: "Mama, baba alikuwa anafurahi."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Binti hakusema uongo. Aliambiwa asome, akasoma. Hakuna neno aliloliruka wala kulibadilisha. Alichoficha ni hali yake mwenyewe, na aliificha kwa sababu tuliyomfundisha sisi: usimwaibishe mzazi. Huku pwani haya ni sehemu ya imani na ya malezi. Mtoto asiye na haya hatumwiti jasiri, tunasema hakufunzwa. Kwa hiyo mbele ya kaunta yangu hayakugongana wema na ubaya. Yaligongana mema mawili, heshima na ukweli, na heshima ikatangulia kwa sababu ndiyo iliyozoeleka.

Kuna atakayesema kwamba kusoma bila kuelewa si jambo geni kwetu. Ni kweli. Watoto wa pwani wanasoma Kurani chuoni, wanahitimu, wanafanyiwa dua na sherehe, na wengi wao hawajui Kiarabu. Je, nao wanadanganya? Hapana, na sababu ya kusema hapana ndiyo inayonisaidia kuliona tatizo la shule. Kule chuoni kila jambo lina jina lake. Kuna kisomo, ambapo kutamka sawasawa ni ibada yenyewe, na kuna darsa la tafsiri, ambapo maana hufunguliwa. Mwenye la kwanza hadai la pili. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilipotoka kamili mwaka 1969, watu waliipokea kama kitu walichokihitaji, na hawakuona kwamba kuihitaji kunawapunguzia usomaji wao. Hakuna anayemwita mtoto aliyehitimu juzuu amepotoka kwa kuuliza maana ya aya.

Shuleni tumeyachanganya haya mawili. Kutamka Kiingereza tumekuchukua kuwa ndiko kukielewa, na hatukumtenga mtu wa kutoa tafsiri. Tena Kiswahili kinatuponza kwa wema wake. Herufi zetu ni za kuaminika: "ba" ni "ba" popote uikutapo, na mtoto aliyeshika silabi anaweza kukusomea neno ambalo hajawahi kulisikia. Anaingia sekondari akiwa na mdomo mwepesi. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mdomo unavuka daraja hilo haraka. Akili inabaki ng'ambo ikitafuta njia, na kwa kuwa mdomo umeshafika, hakuna anayegundua kwamba mwenzake hayupo.

Si kwamba hatukuambiwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee kufundishia hadi sekondari na kuendelea. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba kwa wengi hakitoshi kusomea masomo. Hata hivyo wakashauri Kiingereza kibaki, na kikabaki. Mimi ningependa kila mkataba wa mtaani uandikwe kwa Kiswahili, kama ambavyo sheria namba 1 ya mwaka 2021 ilivyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini hata hilo likitimia kesho, Jumatatu binti yule atafungua kitabu cha biolojia na kitakuwa cha Kiingereza. Lazima aweze kukisoma.

Na ataweza vipi? Wanaochunguza usomaji wa lugha ya pili wanasema kwamba ili mtu asome hadithi peke yake na kuifuata vizuri, anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100. Fanya hesabu: ukurasa wa maneno 300 usiwe na maneno mageni zaidi ya sita. Mkataba ule ulikuwa nayo sita kwenye mistari miwili. Kule Fiji, miaka ya themanini mwanzoni, Warwick Elley na Francis Mangubhai waliwapa watoto wa shule za msingi za vijijini vitabu vingi vya hadithi vya Kiingereza, vyepesi na vyenye picha. Watoto hao walipanda katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao. Walisoma walichoweza kukielewa, wakasoma kingi, basi.

Hapa kwetu ushauri huo una mwiba wake. Kijana wa kidato cha tatu aonekane na kitabu chembamba chenye picha? Nina rafu moja dukani ya vitabu vya namna hiyo, pamoja na vile vya Richard Mabala ambavyo wengi wa rika langu tulivisoma sekondari, *Hawa the Bus Driver* na *Mabala the Farmer*. Vijana huviazima wakavitia haraka kwenye begi. Nawaona wakivificha vitabu wanavyovielewa na kushika mkononi vile wasivyovielewa. Aibu iliyomfunga mdomo binti mbele ya baba yake ndiyo inayowachagulia vitabu. Kwa hiyo ninaposikia watu wakilizungumza suala la kusoma Kiingereza kama suala la mbinu tu, kwamba mtoto anunuliwe kamusi, aongezewe tuisheni, naona wameanzia katikati. Kabla ya mbinu yoyote, msomaji anahitaji ruhusa ya kujikuta hajaelewa.

Nisieleweke vibaya. Kuelewa nusu si dhambi, ndiyo hali ya kila anayejifunza. Asiyekubali kubahatisha maana ya neno na kuendelea mbele hatamaliza hata ukurasa mmoja. Ila kuna kukisia ukijua kwamba unakisia, na kuna kukisia ukasahau. Wa kwanza anaweka alama moyoni: hapa bado. Akifika mbele na maana ikakataa, anarudi. Binti alipotamka "sherehe ya mipangilio" na kusita, pale ndipo aliposoma kwa mara ya kwanza siku ile. Kule kusita, kukataa kuridhika na kitu kisicho na maana, ndiko ninakokuita kusoma. Naona kuna undugu na dhamiri, maana dhamiri nayo hufanya kazi hiyohiyo: hukuzuia kupita mahali ambapo mambo hayakai sawa, hata kama hakuna anayekutazama.

Kama ni hivyo, basi wanaomzoesha mtoto kutosita wanamharibia zaidi ya Kiingereza. Kila aliyepita shule zetu anaijua ile: mwalimu anauliza "Tuko pamoja?" na darasa zima linavuta "Ndiyooo!" Swali lile jibu lake limeshaandaliwa, atakayejibu vingine anachelewesha watu sabini. Simlaumu mwalimu, naye ana mada za kumaliza kabla ya mtihani. Lakini tuseme ukweli kuhusu kinachofundishwa hapo. Mtoto anajifunza kwamba kuelewa ni kitu cha kuitikia. Ukutani kumeandikwa kuuliza si ujinga, na maisha ya darasani yanamwambia kuuliza ni kujianika.

Mji huu umewahi kuonyesha njia nyingine. Gazeti la *Kiongozi* lilianza kutoka hapa Tanga mwaka 1904, kwa Kiswahili, watu wakasoma habari za dunia kwa lugha waliyoielewa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, mwendo mfupi tu kutoka hapa, aliichukua kazi ya Omar Khayyam kutoka kwenye Kiingereza cha Edward FitzGerald na kuifanya ya Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1952. Tunamsifu kama mshairi. Mimi namsifu pia kama msomaji. Huwezi kuvusha ubeti kutoka lugha moja hadi nyingine kama umeuelewa juujuu. Kila shimo la uelewa wako litaonekana upande wa pili. Ziko shule zinazomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili, na kumbe kumwambia "nisimulie ulichosoma, kwa lugha yako" ndicho kipimo cha haki cha Kiingereza chake.

Narudi kwenye swali la kosa ni la nani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa kawaida tunalitupa neno hilo kwa yule anayeficha. Lakini anayejifungua hahitaji ushujaa tu, anahitaji pia mkunga asiyemcheka. Naona wajibu wa kusema "sijaelewa" ni wa msomaji, siwezi kumwondolea. Mashine ya baba ilikuwa inategemea neno hilo. Ila bei ya kulisema anaipanga mwingine: mzazi, mwalimu, mkopeshaji, sisi wenye kaunta. Aliye juu ndiye anayeweza kulifanya neno hilo liwe rahisi, na asipolifanya rahisi, asishangae halisemwi.

Kwa hiyo nimeacha kuwauliza watoto wanaokuja dukani kama wameelewa. Nawaambia: nioneshe mstari mmoja uliokushinda. Mwanzoni wanaona kama mtego. Kisha mmoja anaonesha, na mwenzake anasema hata yeye huo ulimshinda, na ghafla wako wanne wameinamia karatasi moja, wanabishana kwa Kiswahili juu ya sentensi ya Kiingereza. Heshima ya wazazi wao haijapungua hata kidogo. Nadhani imeongezeka, maana sasa mzazi akiambiwa "karatasi inasema hivi", inasema hivyo kweli.