Haraka ya Wengine

Kigari cha Auguste Pons kilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Kilitengenezwa Ufaransa na kampuni ya Contal, injini yake ilikuwa ya nguvu za farasi sita, na abiria alikaa mbele kabisa, juu ya yale magurudumu mawili, dereva akiwa nyuma yake. Kikigonga kitu, wa kwanza kupata habari ni abiria. Juni 1907 chombo hicho kilikwama katika jangwa la Gobi, na Pons na makanika wake wakabaki peke yao na mchanga. Wenzao walikuwa wameshatangulia.

Waliowakuta, wangali hai, ni wenyeji wa jangwa hilo. Kigari kiliachwa hukohuko.

Mbio zenyewe zilizaliwa gazetini. Tarehe 31 Januari 1907 gazeti la Le Matin la Paris lilitoa changamoto: liliwataka wenye moyo wasafiri kwa gari kati ya Paris na Peking, ili ithibitike kwamba mtu mwenye gari anaweza kufika popote. Waliojiandikisha walikuwa arobaini. Waliosafirisha magari yao hadi China kwa meli walikuwa watano tu. Tarehe 10 Juni wakang'oa nanga kutoka Peking: Itala kubwa ya mwanamfalme wa Italia, Scipione Borghese, De Dion-Bouton mbili za Georges Cormier na Victor Collignon, Spyker ya Kiholanzi iliyoendeshwa na Charles Godard, ambaye nauli ya meli aliipata kwa kuuza vipuri vya gari la kuazima, na kile kigari cha Pons. Kanuni hazikuwepo. Atakayefika Paris kwanza angepewa chupa kubwa ya shampeni aina ya Mumm. Umbali ulikuwa karibu kilomita 15,000.

Ukosefu wa kanuni ndio unaofanya kisa cha Pons kiwe kigumu kukihukumu. Hakuna aliyevunja sharti kwa kumwacha, kwa sababu sharti la kumsubiri halikuandikwa. Petroli jangwani ilikuwa imetangulizwa kwa ngamia na kuwekwa vituoni, kila mtu na hesabu yake, na hata Spyker yenye injini kubwa zaidi iliwahi kuishiwa mafuta katikati ya Gobi. Anayerudi nyuma kumtafuta mwenzake anaweza kufa pamoja naye. Basi waliosonga mbele wana la kujitetea. Swali ambalo wanadini na wanafalsafa wamelizungusha tangu zamani ni kama utetezi huo unatosha: je, haraka ni udhuru?

Mswahili ana jibu mdomoni kabla swali halijaisha: haraka haraka haina baraka. Lakini methali hiyo, ukiitazama vizuri, inamhesabia hasara mwenye haraka mwenyewe. Ni yeye atakayejikwaa, ni chungu chake kitakachovunjika. Gobi hesabu ilienda kinyume. Borghese alikimbia na akapata baraka zote, shampeni, shangwe na jina. Aliyelipa ni wa nyuma. Methali haimsemi huyo.

Wanaomsema ni wengine. Injili ya Luka ina kisa cha msafiri aliyevamiwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akapitwa na kuhani, akapitwa na Mlawi, akaokolewa na Msamaria. Kisa hakielezi kwa nini wale wawili walipita. Wahubiri wamejaza pengo hilo kwa karne nyingi: woga, kiburi, hofu ya unajisi. Mwaka 1973 watafiti wawili wa saikolojia, John Darley na Daniel Batson, walichapisha matokeo ya jaribio lililojaza pengo hilo kwa neno jepesi kuliko yote, saa.

Jaribio lilifanywa na wanafunzi arobaini wa seminari ya Princeton, Marekani, vijana waliokuwa wakisomea uchungaji. Waliitwa mmoja mmoja, wakaambiwa waandae hotuba fupi na waende kuitoa katika jengo la pili. Baadhi yao hotuba yao ilihusu kisa hichohicho cha Msamaria. Kisha wengine wakaambiwa wana nafasi, wengine kwamba ndio wakati wenyewe, na wengine kwamba wameshachelewa, wanasubiriwa. Kwenye uchochoro kati ya majengo aliwekwa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Katika wale wenye nafasi, asilimia 63 walijaribu kumsaidia. Katika wale wa wakati wenyewe, 45. Katika wale waliochelewa, 10. Kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Wapo waliomruka mgonjwa, miguu ikipita juu yake, wakawahi kwenda kueleza habari za huruma.

Ni rahisi kuwacheka. Ila Darley na Batson waliona jambo la kutisha kuliko unafiki. Baadhi ya waliopita hawakupima wema na ubaya kisha wakachagua ubaya. Haraka ilikuwa imewafinya macho. Walimwona mtu bila kuona kwamba hapo pana uamuzi wa kufanya. Sasa kesi inageuka. Mtu ambaye hakuona analaumiwa kwa lipi?

Aristotle aliwahi kulijibu swali la namna hii, akizungumzia ulevi. Mlevi akifanya kosa husema hakujua alichokuwa akikifanya, na mara nyingi husema kweli. Aristotle anakubali kwamba hakujua, lakini anakumbusha kwamba chanzo cha kutojua huko kilikuwa mkononi mwake: alikuwa na uwezo wa kutokulewa. Ndiyo maana anaitaja ile sheria ya mlevi mwenye kosa kuadhibiwa maradufu, sheria inayonasibishwa na Pittacus, mtawala wa Mytilene. Lawama inarudi nyuma, kutoka kwenye kosa hadi kwenye kikombe cha kwanza.

Haraka nayo ina kikombe cha kwanza. Hakuna aliyelazimishwa kujiandikisha na Le Matin.

Wanazuoni wa fiqhi nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atalitambua, maana Waislamu wengi wa huko hufuata madhehebu ya Shafi. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza swala, kwa sababu safari ni taabu. Kwa Mashafi, aliyetoka kwa safari ya maasia hapati ruhusa hiyo. Taabu yake ni ileile, jua lake ni lilelile, lakini ruhusa haijengwi juu ya kosa. Wahanafi wanaona vingine: safari ni safari, na dhambi ya msafiri ni hesabu nyingine. Ni mjadala wa karne nyingi na hauhusu magari, wala kushindana kwa gari hakulingani na maasia. Fiqhi yenyewe ina mlango mzima wa mashindano, na imehalalisha tuzo kwa mbio za farasi na ngamia. Kinachohusu hapa ni kule kukataa kuangalia dharura peke yake. Mashafi wanauliza dharura imetoka wapi. Petroli ya Gobi haikutosha kumrudia Pons, kweli kabisa. Haikutosha kwa sababu ilipimwa na watu waliokusudia kutorudi nyuma.

Kuna mafundisho ya Mtume ambayo kila mtoto wa madrasa huyasikia mapema, pengine kwa sababu watoto ndio wanaoyavunja zaidi: ukisikia swala imekimiwa, usiiendee mbio, nenda kwa utulivu, uswali utakachokiwahi na ukamilishe kilichokupita. Kama kuna jambo lililostahili mtu akimbie, ni hilo. Bado akaambiwa atembee. Ukiyaweka mafundisho hayo kando ya uchochoro wa Princeton, yanaanza kusomeka kama tiba ya macho.

Borghese atendewe haki: alikuwa mbele ya wote, hakumpita Pons akimtazama, na mafanikio yake mengi yalitokana na maandalizi zaidi ya pupa. Kabla ya kuondoka alipanda farasi akaenda kukagua mapito ya milimani kaskazini ya Peking, akibeba ufito wa mwanzi uliokatwa kwa upana wa gari lake ili ajue wapi litapenya. Jangwani mwandishi Luigi Barzini, aliyesafiri naye, aliingia katika kituo kimoja cha simu za maandishi kupeleka habari kwa gazeti lake. Karani akauandika ujumbe wake namba moja. Barzini alidhani ni wa kwanza wa siku ile. Ulikuwa wa kwanza tangu kituo kifunguliwe, miaka sita kabla. Katika upweke wa namna hiyo, mtu aliyekwama kilomita kadhaa nyuma hana namna ya kukuita.

Ila Borghese huyohuyo, alipofika Moscow akiwa mbele kwa siku nyingi, aliacha njia akaenda St Petersburg kwa karamu aliyoandaliwa, kisha akarudi kwenye safari na bado akaingia Paris tarehe 10 Agosti, siku ishirini kabla ya waliomfuata. Muda ulikuwepo. Ulitumika mezani. Jambo hili halimfanyi mtu mbaya, lakini linaharibu ule utetezi wa saa. Aghalabu anayesema hana nafasi humaanisha kwamba nafasi yake ameshaigawa.

Na huo muda aliouokoa, aliupata kwa nani? Milimani Itala haikupanda kwa injini. Ilivutwa kwa kamba na wapagazi wa Kichina na wanyama wao. Siberia, karibu na ziwa Baikal, daraja la mbao lilikatika chini yake, gari likaanguka kinyumenyume, na wafanyakazi wa Kirusi wakalinyanyua. Njia zilipokuwa hazipitiki kabisa liliruhusiwa kupita juu ya reli. Gurudumu lilipokufa, seremala wa kijijini Urusi alichonga jingine kwa shoka. Kila mmoja wa hao aliacha alichokuwa akikifanya. Haraka ya Borghese iliendeshwa na watu ambao siku ile hawakuwa na haraka.

Mwaka uliofuata magazeti yakaandaa mbio ndefu zaidi. Tarehe 12 Februari 1908 magari sita yaliondoka Times Square, New York, kuelekea Paris kwa upande wa magharibi, kupitia Marekani yote, Japani na Siberia. Godard alikuwemo. Pons naye alikuwemo, safari hii na Sizaire-Naudin ya magurudumu manne. Gari lilivunjika baada ya maili 96. Kuna watu ambao barabara haiwataki, na wao hawaelewi.

Ilipofika Mei, washindani wa kweli walibaki wawili: Thomas Flyer ya Wamarekani, ikiwa na fundi George Schuster, na Protos ya Wajerumani, chini ya luteni Hans Koeppen. Wote waliondoka Vladivostok siku moja. Nje kidogo ya mji Wamarekani wakaikuta Protos imezama kwenye matope. Hapo hapakuwa jangwani na hakuna aliyekuwa akifa. Wajerumani wangeachwa wangechafuka tu na kuchelewa, na kuchelewa kwao ndiko Wamarekani walikokuwa wakikuombea. Hakuna kanuni iliyowataka wasimame. Wakasimama, wakafunga kamba, wakawavuta. Koeppen akatoa chupa ya shampeni, wakanywa pamoja palepale kwenye tope, kisha kila mmoja akarudi kwenye ushindani wake.

Protos ndiyo iliyotangulia kufika Paris, tarehe 26 Julai. Thomas Flyer iliingia siku nne baadaye. Waamuzi walikuwa wameikata Protos siku kumi na tano kwa kusafirishwa kwa treni sehemu ya Marekani na kuikwepa Japani, na Wamarekani walikuwa wameongezewa siku kumi na tano kwa kutumwa Alaska, ambako gari halikuweza kupita. Kwa hesabu hiyo Thomas ilishinda kwa siku 26. Katika hesabu zote hizo, za kukata na za kuongeza, zile saa za Vladivostok hazimo. Leo mbio za Dakar humrudishia muda mshindani aliyesimama kumsaidia aliyeumia, na ni utaratibu mzuri unaookoa watu. Schuster na wenzake hawakuwa nao. Walitoa muda ambao walijua haurudi, na wakampa mtu ambaye angeweza kuutumia kuwashinda. Hata zile dola 1,000 ambazo Schuster aliahidiwa kama zawadi zilimfikia mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 95, kutoka mkononi mwa gazeti la New York Times. Haraka haikuwa ya kila mtu.

Jioni ile ya tarehe 30 Julai, Thomas Flyer ilipoingia mitaani Paris, polisi akaisimamisha. Taa yake moja ya mbele haikuwepo, na sheria ya mji haikuruhusu gari kutembea usiku namna hiyo. Schuster na wenzake walikuwa wamevuka nusu ya dunia, na polisi hakushughulika na hayo. Pakatokea mtu aliyekuwa akijipitia na baiskeli yake, baiskeli ina taa, akawaambia waichukue. Wakajaribu kuifungua ile taa, ikagoma kutoka. Basi wakainyanyua baiskeli nzima, wakaipakia mbele ya gari, na washindi wakaenda hivyo hadi mwisho wa safari.